Marahaba ya Simba

Nililivuta bango kwa mikono miwili, mguu mmoja juu ya kreti la soda la mtu, mtoto wangu mdogo mgongoni analia. Upande wa kushoto ulitoka upesi. Wa kulia walikuwa wameufunga kwa waya, nikauzungusha ule waya mpaka ukanichana kidole, na hapo ndipo stendi ya Lushoto ilipoanza kunitazama.

"We dada! Hilo bango la mtu!" alipiga kelele kijana wa bodaboda.

"Na huyo mtoto wa kwenye bango ni wa nani?" nikamuuliza.

Akalitazama bango, akanitazama mimi. Akaona pua, akaona paji la uso. Mwanangu amenitoa kama fotokopi, hakuna mtu anayehitaji kuelezwa.

"Ni wako?"

"Ni wangu. Waliniomba?"

Akashuka kwenye pikipiki, akaja kunishikia kreti lisicheze.

Lile bango lilikuwa kubwa kama mlango. Picha nzima ni mwanangu wa kwanza, gauni lake la njano la kanisani, ameinamisha kichwa, nywele nilizomsuka mwenyewe kwa uzi zimesimama. Juu ya kichwa, mguu wa simba. Chini, kwa maandishi mekundu: MTOTO HUYU KAMWAMKIA SIMBA. WA KWAKO JE?

Yaani walichukua picha ya kabla kucha hazijanasa. Ya baada yake hawakuiweka. Nilikuwa nimetoka kununua karoti na kitunguu, sina habari, nikainua macho na kumkuta mwanangu ananing'inia juu ya kibanda cha vocha, anatangaza biashara ya mtu aliyempasua kichwa.

Ili mtu aelewe, lazima nianze na shikamoo.

Kwetu huku milimani mtoto asiyeamkia ni mtoto asiye na mama. Hawasemi mtoto kakosea, wanasema kule kwao hakuna mtu. Mimi nililelewa hivyo, na wa kwangu nimemlea hivyo. Akikutana na mtu mzima, anasimama, anainamisha kichwa, anasema shikamoo, na mtu mzima anamwekea mkono kichwani na kuitikia marahaba. Alianza kufanya hivyo kabla hajajua kusema maneno mengine sawasawa. Alikuwa anaamkia mpaka watu waliokaa upande wa pili wa barabara. Wauza kabichi wa Lukozi walikuwa wakimwona wanaita, "Njoo, mama shikamoo, njoo utuamkie!" Nilikuwa najivuna, sifichi.

Sasa akaja huyo bwana wa bango na bustani yake. Nje ya mji, kwenye kona yenye misonobari, akaweka bembea, akaweka viti, akachoma nyama. Halafu akaleta simba. Simba jike ambaye bado hajakomaa, ukubwa wa mbuzi dume, amefungwa mnyororo. Simba kwenye ukungu wa Lushoto, mahali ambapo hata sisi tunavaa sweta mchana. Alikuwa anatetemeka. Watu walisema ananguruma, mimi nasema alikuwa na mafua.

Huyo bwana akatutazama sisi wenyeji, akaona tunavyopenda adabu, akatengeneza biashara juu yake. Akaweka kigogo cha mti mbele ya simba. Mtoto anapanda, anainama, anasema "Shikamoo simba." Mtunzaji wa simba anashika kipande cha nyama juu ya kichwa cha mtoto, simba anainuka kukitaka, mguu wake unatua kwenye kichwa. Na mtunzaji anajibu kwa sauti nzito ya tumboni: "Marahabaaa!" Watu wanakufa kwa kicheko. Picha inapigwa.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada, mimi, mama mkwe wangu, na watoto wawili. Mume wangu yuko Shume kwenye mbao, hurudi mwisho wa wiki akipata nafasi, na ile wiki hakupata. Langoni nilikuta kibao chenye rangi nyekundu: USIMGUSE SIMBA. Nikafarijika. Nikajiambia hawa wana utaratibu.

Foleni ikasogea. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mdogo mgongoni. Mama mkwe ndiye aliyemshika mkubwa mkono.

"Panda, mwamkie," akamwambia.

"Bibi, ni mkubwa kuliko mimi?"

"Ni mkubwa. Mwamkie."

Mwanangu akapanda. Kama bibi amesema huyu ni mkubwa, basi anastahili kuamkiwa. Akainamisha kichwa chini kabisa, zaidi ya watoto wote waliotangulia, maana ndivyo nilivyomfundisha. "Shikamoo simba," akasema, na siyo kwa utani. Alikuwa anaamkia kweli.

Mguu ukatua. "Marahabaaa!" Watu wakacheka, mtu mmoja akapiga makofi karibu na sikio la yule mnyama, na simba akashtuka. Akataka kuurudisha mguu wake, lakini kucha zilikuwa zimenasa kwenye uzi wa nywele. Akavuta, nywele zikavutika, na mwanangu akainuka nazo kutoka kwenye kigogo. Miguu yake iliacha kugusa mti. Niliiona. Viatu vyeusi vya kanisani, hewani.

Sikumbuki nilifikaje pale. Nakumbuka mtunzaji anampiga simba puani kwa ngumi, nakumbuka sauti ya kitu kuchanika na nikadhani ni gauni. Halikuwa gauni.

Mwenye bustani alikuja akiwa na chupa ya soda mkononi. Akaangalia damu. "Amekwaruzwa tu," akasema. "Hata paka wa nyumbani anakwaruza. Mpeni soda mtoto."

Mpeni soda mtoto!

Hospitali walimnyoa upande mmoja wa kichwa, wakamshona. Nesi aliniuliza kilichomjeruhi.

"Simba."

"Mama, nauliza kwa ajili ya sindano. Mbwa au paka?"

"Nimesema simba."

Akaacha kuandika. "Lushoto hii?"

"Lushoto hii."

Akapigwa sindano za kichaa cha mbwa, mara kwa mara, tena na tena, na kila tukienda yule nesi anawaita wenzake waje kumwona mtoto wa simba. Hawakuwa na ubaya. Lakini kila mmoja aliyesikia aliniambia jambo lilelile. Mume wangu kwa simu: "Mshukuru Mungu halikuwa jicho." Jirani: "Una bahati." Mchungaji naye: "Tumshukuru Mungu." Nimeshukuru. Nimeshukuru mpaka nimechoka. Hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza yule simba kesho yake alipelekwa wapi. Nitakuambia alipelekwa wapi: palepale, mbele ya kigogo kilekile, baada ya kigogo kuoshwa.

Kidonda kikafunga. Mwanangu akaacha kuamkia.

Mwanzoni sikuelewa. Mtu mzima anapita, yeye anajificha nyuma ya kanga yangu. Namsukuma mbele: "Haya, mwamkie babu." Anakaza shingo kama kuni. Siku moja mzee mmoja wa kanisani, mtu mpole, alinyoosha mkono ili amwekee kichwani kama alivyozoea. Mwanangu alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtoto, akajikojolea palepale mlangoni mwa kanisa, mbele ya kwaya.

Watu hawakusema ni simba. Walisema, "Siku hizi mtoto wako amekuwa na kiburi." Mwanamke mmoja akaniambia kabisa, tena sokoni, "Mnasoma mpaka kidato cha nne halafu mnashindwa kufundisha shikamoo." Na shuleni wenzake wanamvizia, wanamwekea kiganja kichwani kwa nyuma na kunguruma, "Marahabaaa!" Anarudi nyumbani amevaa kofia ya sweta kwenye jua.

Hilo nililibeba. Ndiyo, nililibeba, wiki baada ya wiki. Mpaka nilipoliona bango.

Sasa niko juu ya kreti, bango limeanguka, nalikunja. Yule kijana wa bodaboda anasema, kwa nia njema tu:

"Ila dada, utavunja mangapi? Ijumaa si hata shule inawapeleka watoto kule?"

"Shule gani?"

Akaitaja. Ni ya mwanangu.

Nilikwenda moja kwa moja, karoti mkononi, bango kwapani. Mwalimu wa darasa lake ni mtu wa makamo, ametoka Tanga, mstaarabu. Nikamwamkia kwanza. Hasira au siyo hasira, mwalimu unamwamkia.

"Marahaba, mama. Karibu."

"Mwalimu, Ijumaa mnawapeleka wapi watoto?"

"Ah, ni ziara ya masomo. Tuna somo la wanyama."

"Wanakwenda kufanya nini?"

"Kumwona simba."

"Kumwona tu?"

Akatabasamu. "Na kumwamkia, wale wanaotaka. Yule bwana ametukaribisha bure, darasa zima. Wazazi wamefurahi sana."

Nikalikunjua bango juu ya meza yake, juu ya madaftari. Akalitazama. Mwanangu anafundishwa naye, kila siku anamwona, ile kofia ya sweta anaiona.

"Huyu si..." akasema.

"Ndiye."

"Mbona tuliambiwa ameanguka?"

"Nani aliwaambia?"

Akafikiri. Akanijibu taratibu kwamba aliyewaambia ni mwenye bustani, siku alipokuja kuleta mwaliko. Alisema kuna mtoto wa shule hii aliteleza kwenye kigogo, akaumia kidogo, na sasa kigogo kimebadilishwa. Nilikaa chini bila kukaribishwa. Yaani alijua mwanangu anasoma pale. Alikuja mpaka pale akijua.

"Mwalimu, futa ziara."

"Mama, siyo mimi peke yangu. Imeshapitishwa. Ukileta kitu kutoka serikalini, kwamba ni kinyume cha sheria, mimi mwenyewe nitasimama mbele ya kamati. Lakini kwa maneno tu watasema ni mzazi mmoja mwenye hasira."

"Watakuwa wamesema kweli," nikamwambia.

Nikapanda pikipiki mpaka bustanini, bango bado kwapani. Mwenye bustani alikuwa anapaka rangi viti. Ni mtu mzima, umri wa baba yangu. Nilisimama mbele yake na sikumwamkia. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kumnyima mtu mzima shikamoo, na nilihisi shingo inauma.

Akaweka brashi chini. "Hata shikamoo hakuna?"

"Hakuna."

"Haya. Naona umenivunjia bango."

"Bango la mwanangu."

"Picha imepigwa kwangu, na mpiga picha wangu, na simba wangu." Hakupandisha sauti. Aliongea kama mtu anayemweleza mtoto. "Mama, mimi nina kibali. Nina sheria zangu. Soma kibao kile. Kimeandikwa nini?"

"Usimguse simba."

"Mwanao alimgusa simba?"

Nikakitazama kile kibao.

"Nakuuliza. Alimgusa?"

"Hapana."

"Basi. Masharti yanakataza mgeni kumgusa mnyama. Mnyama akimgusa mgeni, hilo ni la mnyama. Na mnyama hajui kusoma." Wafanyakazi wake wakacheka. Yule mtunzaji hakucheka, alikuwa anaangalia mikono yake, na mkono mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa. "Ndiyo maana nikaweka shikamoo," bwana akaendelea, na nakuapia alikuwa anajisifu. "Mtoto anainama tu, mikono chini. Hakuna anayemgusa mtu hapa isipokuwa simba."

Nyuma yake simba alikuwa amelala juu ya saruji yenye maji, mkia umefunikwa na majani ya msonobari. Alinitazama. Sijui nitasemaje, lakini sikumchukia. Naye alikuwa amefundishwa kitu asichokielewa, kama mwanangu.

Usiku ule mama mkwe hakula. Tangu Jumapili ile alikuwa haongei nami ila ya lazima. Alikuwa amekaa jikoni anamenya maharage, mwanangu kalala pajani mwake na kofia yake. Nikamweleza habari ya Ijumaa. Akaanza kusema kwa Kisambaa, chini chini, halafu akageukia Kiswahili ili nisidhani ananiteta.

"Huku kwetu aliyeua simba ndiye alipewa utawala," akasema. "Kila mtoto wa Usambara anaijua hadithi ile. Leo tunawapanga watoto foleni wamwinamie." Akaacha kumenya. "Mimi ndiye niliyempandisha. Ukienda kuandika, andika na hilo. Andika bibi yake alimwambia ni mkubwa, mwamkie."

"Mama, hilo halina haja."

"Lina haja. Wasije wakasema mtoto alijipeleka."

Asubuhi nilikwenda kwa afisa wanyamapori. Shikamoo, marahaba, karibu mama, tatizo nini, ndovu wamekula shamba? Nikamwambia siyo ndovu. Nikalikunjua bango kwa mara ya pili, likaanza kuchanika kwenye mikunjo.

Aliniacha niongee mpaka mwisho, na niliongea vibaya, nilitukana, mtoto wangu mdogo alikuwa analia na mimi nalia. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Simba siyo mali ya yule bwana. Wanyamapori ni wa serikali, na mtu anayemtunza anapewa kibali chenye masharti, akiyavunja ananyang'anywa.

"Sasa mbona hamjamnyang'anya?"

"Mama, nikifika namkuta simba kwenye banda, amefungiwa, maji anayo. Nikiondoka wanamtoa. Wananchi wanapiga picha, wanarusha kwenye simu zao, wanafurahi. Mlalamikaji sina hata mmoja."

"Unaye sasa. Lakini yeye anasema hajavunja sharti. Anasema sharti ni mgeni asimguse mnyama, na mwanangu hakumgusa."

Afisa akavuta jalada, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti: "Pasiwe na kugusana kati ya mnyama na umma."

"Rudia."

"Pasiwe na kugusana..."

"Kugusana?"

"Kugusana."

"Siyo kugusa?"

Akaangalia tena, akageuza karatasi nami nione. Kugusana. Niliweka kidole juu ya neno. Nilikaa kidato cha pili nikisinzia kwenye kauli ya kutendana, piga, pigana, shika, shikana, nikijiuliza itanisaidia nini maishani nikilima karoti. Yule bwana alilichukua neno kwenye kibali, akalikata mkia, akaandika kilichobaki kwenye kibao langoni. Herufi mbili tu kazitupa, na kwenye nafasi ya herufi mbili ndipo alipopitisha mguu wa simba.

"Anajua kusoma huyu," nikasema.

"Anajua sana," afisa akajibu. "Hilo neno ndilo uliandike. Na andika leo, kwa sababu ukiandika leo mimi kesho naenda nikiwa na karatasi, siyo na macho tu. Na nakala unaipeleka shule." Akanipa kalamu. "Ila mama, toa matusi."

Barua ya kwanza niliandika yote. Akaisoma, akanirudishia. "Hapa umemwita shetani." Nikafuta. "Na hapa." Nikafuta. Ya pili nayo ikarudi. Ya tatu ndiyo akaigonga muhuri, na ndiyo hii.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SIMBA KUGUSANA NA WATOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Lushoto, mama wa mtoto aliye kwenye bango lililoambatanishwa. Nalalamika kuwa mwenye bustani aliyetajwa kwenye jalada lenu anavunja sharti la kibali chake linalosema pasiwe na kugusana kati ya mnyama na umma. Langoni kwake ameandika kwamba mgeni asimguse simba. Ndani anawapandisha watoto kwenye kigogo, wanainamishwa, na simba anaweka mguu wake vichwani mwao kwa kuvutwa na nyama. Mwanangu alinaswa na kucha kwenye nywele, akainuliwa, akashonwa hospitali. Cheti cha matibabu kimeambatanishwa.

Mtoto hakujipeleka. Bibi yake, ambaye yupo tayari kuja kueleza, alimwambia kuwa simba ni mkubwa na amwamkie.

Mnyama mwenyewe anakaa kwenye baridi, amefungwa mnyororo, na hupigwa. Naomba naye aondolewe pale.

Ijumaa hii darasa zima la mwanangu limealikwa kwenda kumwamkia. Naomba ofisi yako imzuie mwenye bustani kabla ya siku hiyo, kwa maandishi, na nakala ipelekwe shuleni.

Mwanangu hakunyoosha mkono kumgusa simba. Aliinamisha kichwa, kama nilivyomfundisha, na hadi leo ninapoandika hawezi tena kumwinamishia mtu yeyote.

Nawasilisha.

Viambatanisho: cheti cha matibabu, na bango. Bango limechanika. Nimelichana mimi.